UZI: Fentanili, nitazini na unga wa maabara. Mtu akizimika mwaloni, pumzi kwanza

Dirisha la Dawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mijadala ya dawa za kulevya humu jukwaani inazunguka kwenye bangi na unga ule wa siku zote, wakati mzigo unaoua watu wengi mno duniani sasa hivi haulimwi popote. Unatengenezwa maabara. Shikeni majina mawili, fentanili na nitazini. Nitaeleza ni vitu gani na kwa nini mtu wa Kirumba au Ukerewe anapaswa kuvijua, halafu wenzangu wa wodini na maabara waendelee.

Heroini, yaani ule unga wa siku zote, hutoka kwenye utomvu wa mpopi. Unaofika kwetu umelimwa zaidi Afghanistan, unateremka kwa majahazi hadi pwani ya Afrika Mashariki, kisha unapanda basi mpaka Mwanza. Aprili 2022 Taliban walipiga marufuku kilimo hicho, na hesabu ya Umoja wa Mataifa ya 2023 ikaonyesha mashamba yamepungua kwa asilimia 95. Akiba ya zamani ilikuwepo, kwa hiyo soko halikukauka siku ile. Lakini muuzaji mali ikipungua hafungi duka, anajazia. Na cha kujazia kilicho rahisi kusafirisha kuliko vyote ni hiki cha maabara, kwa sababu kidogo mno kinafanya kazi ya kingi.

Ni kidogo kiasi gani? Chukua ampuli ya fentanili ya chumba cha upasuaji. Ina mililita 2 za maji, na ndani yake kuna dawa mikrogramu 100 tu, yaani sehemu moja ya kumi ya miligramu. Hiyo moja inakaribia nguvu ya morfini miligramu 10. Miligramu 2 zinahesabika kuwa zinatosha kumuua mtu mzima ambaye mwili wake haujazoea. Sasa fikiria mizani ya dhahabu, ile ndogo ya wanunuzi wa Geita inayosoma hadi gramu 0.01. Alama yake ya chini kabisa ni miligramu 10. Maana yake, hata kifaa makini kama hicho kinaanza kuona uzito pale ambapo dozi tano za kuua zimeshapita. Na wengi hawana hata hiyo mizani, wanatumia kijiko na jicho.

Halafu kuna kuchanganya. Punje chache za unga huu zikitupwa kwenye mfuko wa kujazia na kukorogwa kwa mkono hazisambai sawasawa. Zinaganda sehemu sehemu, kama chumvi iliyorushwa kwenye maharage yaliyokwisha kupoa. Kete kumi za mfuko mmoja, tisa zinaweza kuwa hafifu na ya kumi ikabeba donge lote. Hivyo ile kauli ya "mbona wenzake walitumia huo huo wakaamka" haithibitishi chochote.

Nitazini ni ukoo mwingine. Zilitengenezwa Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Ciba ikitafuta dawa ya maumivu, zikaachwa kwa sababu zilizuia pumzi kupita kiasi. Hazikuwahi kuidhinishwa kutibu binadamu. Mei 2019 China iliufungia ukoo mzima wa fentanili kisheria, na mwaka huo huo isotonitazini ikaanza kukutwa sokoni Ulaya na Marekani. Huo ndio mchezo wa dawa hizi za kubuniwa: sheria ikitaja umbo moja, mkemia anabadilisha kipande kidogo cha molekuli, anapata kitu ambacho hakimo kwenye orodha lakini kinabana pumzi vile vile au zaidi. Baadhi ya nitazini zina nguvu kuliko fentanili.

Anayesema haya ni ya Wazungu aangalie Sierra Leone. Kule kuna kitu wanakiita kush, majani ya kuvuta yaliyonyunyiziwa kemikali. Aprili 2024 rais wao alitangaza hali ya dharura ya kitaifa kwa ajili yake. Sampuli zilipopimwa, matokeo yaliyotolewa 2025 yalionyesha nitazini ndani ya nyingi. Ni nchi ya Kiafrika yenye zahanati kama zetu.

Karibuni.

Nesi wa Zamu

Asante mkuu kwa utangulizi. Naingia moja kwa moja kwenye mgonjwa.

Dawa zote za jamii ya afyuni, iwe heroini, morfini, tramado, fentanili au nitazini, zinaua kwa njia moja: zinaifanya sehemu ya ubongo inayotuma amri ya kupumua isahau kazi. Moyo unaendelea kwa dakika kadhaa, mtu ana joto, anaonekana amelala. Ubongo ukikosa hewa dakika nne hadi sita unaanza kufa. Heroini mara nyingi inazima pumzi taratibu, unaweza kuwa na nusu saa ya kugundua. Fentanili ikiingia kwenye mshipa inaweza kumaliza kazi ndani ya dakika moja au mbili, na mtu akakutwa bomba bado limening'inia mkononi.

Dalili tatu zinakwenda pamoja. Haitikii. Pumzi chache au hakuna. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini hata kwenye mwanga hafifu. Usisubiri zote zitimie, pumzi peke yake inatosha kukufanya uanze.

Kwa ngozi yetu nyeusi usitafute rangi ya bluu usoni, utachelewa. Funua mdomo wa chini utazame ndani, na utazame fizi na kucha. Vikiwa vya kijivu kama majivu, hewa imekwisha. Na mkoromo: akikoroma kwa sauti nzito ya kugugumia, kama maji yanayochemka kwenye sufuria iliyofunikwa, kisha kimya kirefu, kisha tena, huo si usingizi mnono. Ni ulimi umeangukia nyuma na njia inaziba. Familia nyingi hufunga mlango zikisema "mwache apumzike".

Hatua zenyewe:

Mwite jina kwa nguvu. Asipojibu, kunja ngumi, saga mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole kwa sekunde tano hadi kumi. Mtu aliyelala atakunja uso au atakusukuma. Huyu hatafanya hivyo.

Tazama kifua kwa sekunde kumi. Mtu mzima anapumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, kwa hiyo katika sekunde kumi utegemee mara mbili au zaidi. Ukiona moja, au hakuna, anza. Mwenzako apige simu au atafute usafiri wakati wewe uko naye.

Mlaze chali mahali pagumu. Fungua mdomo, toa kilichomo (chakula, big'ijii, meno ya bandia yaliyolegea). Mkono mmoja kwenye paji la uso, vidole viwili vya mkono wa pili chini ya mfupa wa kidevu, kichwa kielekee nyuma. Hapo tu wengine hurudisha pumzi wenyewe, kwa sababu ulimi umetoka njiani.

Asiporudisha, bana pua, funika mdomo wake wote kwa wako, puliza kwa sekunde moja huku jicho liko kifuani. Kifua kinyanyuke kidogo, basi. Hesabu polepole moja mpaka tano, puliza tena. Ni pumzi 10 hadi 12 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kupuliza kwa hofu, haraka na kwa nguvu. Hewa inaingia tumboni, tumbo linavimba, anatapika, matapishi yanaingia mapafuni. Tumbo likipanda badala ya kifua, rekebisha kichwa kwanza.

Kama hakuna dalili yoyote ya uhai na huoni mapigo shingoni, weka mikono katikati ya kifua, kandamiza mara 30 kwa kina cha sentimita 5, kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kisha pumzi 2, rudia. Kwa hawa usiruke pumzi ukabaki na kifua tu. Kilichomwangusha ni kukosa hewa.

Mwana Mwaloni

Dada nesi, hapa kwetu dawa ya mtu aliyezidisha ni ndoo ya maji baridi, maziwa, na wengine wanamdunga maji ya chumvi. Kuna kinachosaidia kati ya hivyo?

Nesi wa Zamu

Hakuna hata kimoja kaka, na kila kimoja kina madhara yake.

Maziwa kwa mtu asiye na fahamu yanaingia mapafuni. Maji ya chumvi ni jeraha jipya na dakika tatu zimepotea mkitafuta mshipa. Maji baridi yanamshusha joto. Akishtuka sekunde chache mnaamini amepona, mnamwacha. Kumtembeza huku mmemshika makwapani ni kumchosha mtu asiye na hewa. Kumdunga kichangamshi hakufungui pumzi, kunaongezea moyo mzigo. Muda wote huo ungekuwa wa kupuliza.

Benchi la Maabara

Naomba niguse jambo ambalo linatuchanganya sana, hata sisi wenye makoti meupe. Utasikia: "Fentanili Mwanza haipo, hatujawahi kuipima tukaikuta." Swali ni ulipima kwa nini.

Kile kipimo cha mkojo cha kuchovya kinachoandikwa afyuni au morfini kimeundwa kuitambua morfini na ndugu zake wa karibu, zile zitokanazo na mpopi. Heroini inageuka kuwa morfini mwilini, inaonekana. Fentanili umbo lake ni tofauti kabisa, kipimo hakiioni. Nitazini hakizioni. Tramado na methadoni pia hazionekani mpaka uwe na kipimo chake maalumu. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuletwa hana pumzi, mboni ni ncha ya pini, mkojo ukatoka "hasi", na daktari mchanga akaanza kufikiria malaria ya kichwa au sumu ya dagaa. Mboni na pumzi vikisema afyuni na kipande cha plastiki kikakataa, fuata mboni na pumzi.

Vipo vikaratasi vya kupimia fentanili kwenye unga uliolowekwa maji. Vinajibu ipo au haipo, haviwezi kusema ni nyingi kiasi gani, na havitambui nitazini. Vya nitazini vilianza kutengenezwa miaka ya karibuni na vyenyewe vinakosa baadhi ya nitazini kutokana na umbo lao. Halafu kuna tatizo la donge alilolieleza mwanzisha uzi: ukichovya punje kutoka pembe moja ya kete, umepima pembe hiyo. Jibu la "haipo" kwenye hivi vikaratasi mimi silipi uzito wowote wa kumtuliza mtu.

Jibu la uhakika linatoka kwenye mashine kubwa zinazotenganisha kemikali na kupima uzito wa molekuli, kama za Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata hizo zinahitaji sampuli rejea ya kitu unachokitafuta. Ndiyo maana ningewaomba wenzangu wa dharura, mgonjwa wa aina hii akifa au akipona, damu na mkojo vya awali vihifadhiwe kwenye baridi, vipelekwe vikiwa na maelezo ya alichotumia, na mabaki ya kete kama yapo yakabidhiwe kisheria. Bila hilo tutaendelea kusema haipo.

Nahodha wa Kayenze

Wakuu nimefuatilia. Swali langu ni la majini. Mtu akizimika kambini kisiwani, kutoka Nansio mpaka Mwanza kwa meli ni kama masaa matatu, na hiyo ni kama meli ipo. Mtumbwi wenye injini nao una mambo yake. Utapuliza mdomo masaa matatu?

Nesi wa Zamu

Swali zito nahodha. Jibu la kwanza, ndiyo, watu wanaweza kupokezana. Wawili wakibadilishana kila dakika mbili au tatu wanaenda muda mrefu, watatu ni bora zaidi. Heroini ya kawaida inaanza kuachia ndani ya masaa machache, na mara nyingi mtu huanza kuvuta pumzi mwenyewe njiani. Kazi yenu ni kumvusha hapo.

La pili, msianze na Mwanza. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu zaidi, hata kama ni zahanati ndogo. Mnachokifuata pale ni vitu viwili: mfuko wa kupumulia, ule wa kubonyeza kwa mkono wenye barakoa, na nalokisoni. Ambaye kambi yake iko kisiwani aulize leo, kabla hakujatokea kitu, kama zahanati yake inavyo na nani ana ufunguo wa kabati usiku.

Ndani ya mtumbwi injini inapiga kelele, hutasikia pumzi. Usitegee sikio. Weka mgongo wa mkono wako uliolowa maji mbele ya pua yake, utahisi ubaridi akitoa hewa, na mkono mwingine uwe juu ya tumbo la juu. Mlaze chali kwenye mbao kavu, kichwa upande wa nyuma uliotulia, siyo puani mwa mtumbwi panaporuka. Toa maji chini yake na umfunike, upepo wa ziwa usiku unampoza haraka. Akishaanza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu: mkono wa chini umenyooshwa mbele, goti la juu limekunjwa kuwa kizuizi, mdomo ukiangalia chini ili matapishi yatoke. Mtu mmoja asimwondolee macho, kwa sababu anaweza kuacha tena.

Kwa walio upande wa Sengerema, tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi lipo, hakuna tena foleni ya kivuko usiku. Gari moja kwa moja.

Dirisha la Dawa

Niongeze kuhusu nalokisoni maana imetajwa bila kuelezwa.

Ni dawa inayokwenda kukaa kwenye kiti kile kile cha afyuni mwilini na kuisukuma nje. Haileweshi. Ukimdunga mtu ambaye hakutumia afyuni, hutaona kitu. Imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na mwaka 2014 shirika hilo lilitoa mwongozo kwamba watu wa kawaida walio karibu na watumiaji wafundishwe kuitumia. Kwetu bado ni dawa ya mikononi mwa watoa huduma, hivyo ninayoandika hapa yanawahusu wao kwanza, wa zahanati za Igombe, Ukara na kwingineko ambao pengine hawajaishika tangu chuoni.

Ampuli ya mtu mzima ni miligramu 0.4 ndani ya mililita 1. Tahadhari kubwa: zipo ampuli za watoto wachanga zenye miligramu 0.02 kwa mililita. Zinafanana. Ukimpa mtu mzima hiyo, utahitaji mililita 20 kufikia kile ambacho mililita 1 ya ile nyingine ingefanya, na utadhani dawa imeshindwa. Soma lebo kwa tochi.

Sindano kwenye msuli wa paja upande wa nje, hata kupitia nguo. Inaanza dakika 2 hadi 5. Kwenye mshipa ni dakika 1 au 2, lakini usipoteze dakika kumi kuutafuta mshipa wa mtu aliyejidunga miaka. Subiri dakika 2 au 3, *huku mnaendelea kupuliza*, kisha rudia kama pumzi haijarudi.

Daktari wa Wilaya

Hapo kwenye "huku mnaendelea kupuliza" ningeomba mtu apige mstari mwekundu. Nalokisoni inayofanya kazi baada ya dakika nne kwa mtu ambaye hakupewa hewa dakika hizo nne, inamwamsha aliyeumia ubongo.

Kwa wenzangu wa vituoni. Lengo ni pumzi zaidi ya 10 kwa dakika na kiwango cha oksijeni kizuri, hatulengi mtu akae aombe chai. Mtumiaji wa kila siku ukimpiga miligramu 2 kwa mkupuo unamtupa kwenye arosto kali: anatapika, anahara, anatetemeka, anapigana, anatoroka. Kama una mfuko wa kupumulia na unamhudumia kwa utulivu, anza na miligramu 0.04 hadi 0.1 kwenye mshipa ukipanda taratibu. Kama huna mfuko na uko peke yako, toa 0.4 ya msuli usifikirie mara mbili.

Kwa fentanili na nitazini dozi za kurudia zinaweza kuwa nyingi. Ukifika jumla ya miligramu 10 hakuna mabadiliko yoyote, tafuta sababu nyingine: sukari ya chini (pima mapema, ni tone moja la damu), jeraha la kichwa, vidonge vya usingizi, pombe.

Kosa linaloua baada ya ushindi ni kumruhusu mapema. Nalokisoni inadumu dakika 30 hadi 90. Iliyomwangusha inaweza kudumu zaidi. Ameamka, amekutukana, amevaa ndara ameondoka, na saa moja baadaye yuko chini ya mwembe bila pumzi, dozi ile ile ya kwanza imemrudia. Mkalishe masaa mawili au zaidi tangu dozi ya mwisho. Kama alimeza methadoni au vidonge vinavyoachia dawa polepole, alale na aangaliwe usiku kucha. Akizama tena baada ya kuamka, weka dripu ya nalokisoni: theluthi mbili ya dozi iliyomwamsha, kila saa moja. Mfano, kama aliamka kwa 0.6, mpe 0.4 kwa saa, ukiongeza au kupunguza kwa kutazama pumzi. Halafu mpange rufaa ya hospitali ya Sekou Toure au Bugando akiwa na mtu anayejua kubonyeza mfuko.

Jambo moja la fentanili ambalo heroini haina sana: ikiingia haraka mshipani misuli ya kifua inaweza kukakamaa. Unabonyeza mfuko hewa haiingii, kifua kama ubao. Usidhani njia imezibwa na kitu. Nalokisoni husaidia kulegeza.

Mwelimishaji Rika Nyamagana

Mmeongea mengi ya baada ya kuanguka. Mimi niseme nani anaanguka.

Anayeanguka mara nyingi siyo anayeanza leo, na siyo aliyetumia bila kukatiza. Ni aliyepumzika akarudia. Mwili unajifunza kubeba dozi, ukiacha unasahau, na unasahau ndani ya siku na wiki chache tu. Wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani ni hatari kuliko wakati mwingine wote. Vivyo hivyo kutoka soba hausi, kutoka kulazwa, kutoka msibani kijijini mwezi mzima.

Na kwa ziwa letu kuna kalenda ambayo vitabu vya nje havina. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi wakati wa giza, taa zikiwashwa ziwani. Mbalamwezi ikipanda wanarudi nchi kavu kupumzika na kugawana pesa. Kijana anayetumia unga akikaa visiwani wiki tatu bila kuupata, mwili umeshusha uwezo. Anashuka Kirumba ana pesa, ana arosto ya kichwani, ana gongo tumboni, anachukua kiasi kile kile alichoacha nacho. Hapo hata heroini ya kawaida inaua. Kama kete ina donge la fentanili, hana nafasi. Wenye mitumbwi na matajiri wa kambi, siku za kushuka mbalamwezi ndizo za kuwa macho.

Pombe na vidonge vya usingizi juu ya unga ni kuzima pumzi kwa swichi mbili. Nalokisoni inafungua moja tu.

Tunaowafikia tunawaambia hivi kwa lugha nyepesi: usitumie peke yako na mlango usifungwe kwa ndani, msitumie wote kwa mpigo mmoja, mmoja abaki macho mpaka wa kwanza aonekane yuko sawa. Umepumzika hata siku tatu? Huna tena dozi yako ya zamani. Kuonja kidogo kwanza kunapunguza hatari, hakuiondoi, kwa sababu ya lile donge. Wanaovuta kokteli (unga uliochanganywa na bangi) wasijione wako salama eti hawajidungi, fentanili ikivutwa inafika kichwani haraka sana.

Na tramado. Madereva wa boda na vijana wa migodini wanaimeza kama karanga. Kiwango cha juu cha hospitali ni miligramu 400 kwa siku nzima. Ikizidi inaleta degedege, mtu anaanguka kutoka kwenye pikipiki. Kidonge kisicho na pakiti halali hakina ahadi yoyote ya kilichomo: Uingereza na Australia wamepima vidonge bandia vya maumivu na vya usingizi wakakuta nitazini.

Dada wa Mabatini

Shikamooni wakubwa. Maswali mawili. Nikiokota kete au nikifua nguo yake nikaugusa huo unga, nitazimika? Maana kuna video zinasambaa polisi wa Marekani wanaanguka kwa kugusa. La pili, methadoni siyo kubadilisha ulevi kwa ulevi?

Benchi la Maabara

Marahaba dada. Kuugusa kwa ngozi kavu hakukuzimishi. Wataalamu wa sumu wa Marekani walitoa tamko 2017 kwamba kugusa kwa bahati mbaya hakuelekei kuleta madhara hayo. Fentanili ya kubandika kwenye ngozi ipo hospitalini, imetengenezwa makusudi ipite, na hata hiyo inachukua masaa. Nasisitiza hili kwa sababu hofu hiyo inafanya watu waogope kumpulizia aliyezimika, na yeye ndiye anayekufa. Nawa kwa maji na sabuni. Usitumie vitakasa mikono vya spiriti kwa unga, spiriti inaweza kurahisisha kupenya. Usiupeperushe, usifagie ukiwa mkavu, futa kwa kitambaa kilicholowa. Hatari halisi nyumbani ni mtoto anayeokota na kuweka mdomoni, na sindano iliyoachwa kwenye mfuko wa suruali. Pekua kwa kugeuza mfuko nje, usiingize vidole.

Mwelimishaji Rika Nyamagana

La methadoni nijibu mimi. Tanzania ilianza huduma hii 2011 pale Muhimbili, na kwa Mwanza kliniki iko Sekou Toure. Anakunywa dozi moja kila siku mbele ya mhudumu, inamshika siku nzima bila arosto na bila kumpaisha. Dozi inapimwa kwa miligramu, anajua anachokunywa, ambacho kwenye kete hakipo. Na uwezo wa mwili wake haushuki ghafla, kwa hiyo ule mtego wa kupumzika na kurudia unapungua sana.

Ila ina masharti. Dozi inaanza chini na inapanda taratibu kwa sababu methadoni inajikusanya mwilini. Wiki mbili za mwanzo anayeongezea unga au gongo juu yake anaweza kuzimika usiku, masaa mengi baada ya kunywa. Akikosa siku tatu mfululizo asiombe dozi yake ya zamani, lazima apimwe upya. Mwambie aseme ukweli kliniki hata kama ametumia jana. Ushauri kwa simu upo bure, namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Nahodha wa Kayenze

La mwisho kutoka kwangu. Zahanati yetu ikikubali kumfundisha mtu wa kambi na kumwachia hizo ampuli, kwenye mtumbwi zinakaa wapi?

Dirisha la Dawa

Kivulini, chini ya nyuzi 30, mbali na mwanga. Boksi lake la karatasi lisitupwe, ndilo linalokinga mwanga. Weka boksi, mabomba mawili ya mililita 2 yenye sindano zake na glavu ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, halafu kopo liwe chini ya kiti cha mwongoza injini, siyo karibu na injini na siyo juu ya sanduku la betri. Andika tarehe ya kuisha kwa kalamu ya wino mzito kwenye kifuniko. Kila mbalamwezi mkipumzisha nyavu, fungua, tazama: maji yakiwa na rangi au vipande vinavyoelea, rudisha zahanati ubadilishiwe. Na watu wawili wajue lilipo, kwa sababu anaweza kuanguka yule mmoja aliyelificha.

Nesi wa Zamu

Nahodha, waje na wenzako wote wa kambi siku ya mafunzo, hata wapishi. Kupuliza mdomo kunafundishika kwa nusu saa, na hakuhitaji kopo.